Kompyuta ya Gemu Iliyozeeka: Uiboreshe au Uiache? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Gemu iliyokuwa ikiteleza miaka mitatu iliyopita sasa inakwama kila ukigeuka. Feni zinanguruma, fremu (idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde) zinashuka hadi ishirini na kitu, na ile gemu mpya uliyoisubiri kwa hamu haifunguki kabisa. Hapo ndipo mkono unapokwenda mfukoni. Wengi hununua kadi mpya ya michoro, wakaichomeka, wakakuta mambo yako palepale. Kilichokuwa kinabana hakikuwa kadi.

Ninachokuomba katika mwongozo huu ni kimoja: usinunue kitu kabla hujapima. Kupima ni bure, kunachukua jioni moja, na ndiko kutakakokuambia kama mashine yako inahitaji kusafishwa, kuongezewa kifaa kimoja, au kuachwa ipumzike. Mwenye pesa nyingi anaweza kukosea akanunua tena. Mwenye pesa kidogo akikosea mara moja, anakaa mwaka mzima na kosa lake.

Hatua ya 1: Andika unachocheza, na unakichezea kwenye nini

Chukua karatasi uandike gemu tano unazocheza kweli, si zile unazotamani kwa kuwa umeziona kwenye video za watu. Chini yake andika sifa za monita yako: ukubwa wa picha kwa pikseli, na hezi zake. Monita ya hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kompyuta ikitoa fremu 140, utahisi wepesi kidogo kwenye kipanya, lakini picha kamili unazoziona ni zilezile 60. Anayetumia monita ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) yenye hezi 60 ana mahitaji madogo kuliko matangazo yanavyomwaminisha.

Angalia hesabu yenyewe. Picha ya 1080p ina pikseli takriban milioni 2.07, ya 1440p milioni 3.69, na ya 4K milioni 8.29. Kwa hiyo anayehama kutoka 1080p kwenda 4K anaipa kadi yake pikseli mara nne za kuchora. Ukikubali kubaki 1080p, umeshaokoa pesa nyingi kabla hata ya kufungua kasha.

Kisha tazama mahitaji rasmi ya zile gemu tano, ukitafuta kitu kimoja: je, kuna inayokataa kabisa kufunguka kwenye kadi yako? Gemu inayokwenda polepole unaweza kuipunguzia ubora wa picha, lakini inayokataa kifaa chenyewe haina dawa kwenye setingi. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zote zinadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga kwa vifaa vyake vya ndani. GTX 1080 Ti, kadi iliyotamaniwa na kila mtu mwaka 2017, haina uwezo huo. Kama gemu moja tu kati ya tano ndiyo iko hivyo, jiulize kama inastahili kuamua bajeti yako yote.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani

Pakua CPU-Z na GPU-Z, programu za bure zinazokusomea vifaa vilivyomo. Andika jina kamili la prosesa (ubongo wa kompyuta), jina la ubao mama (mafundi wengi huuita madabodi), aina ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na idadi ya vijiti vyake, jina la kadi ya michoro na kiasi cha kumbukumbu yake. Halafu zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha na usome lebo ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani): ina wati ngapi, na ina nyaya zipi za kulisha kadi. Pima kwa rula pia nafasi ya urefu wa kadi. Kipimo hicho kinasahaulika, kisha mtu anarudi nyumbani na kadi isiyoingia.

Kama mashine yako ni ile ya ofisi iliyounganishwa kiwandani, kuwa makini zaidi. Nyingi kati ya hizo zina pawasaplai na ubao mama vyenye plagi za kampuni yenyewe, hivyo pawasaplai ya kawaida haichomeki. Jua hilo sasa, usilijue siku ya kununua.

Hatua ya 3: Pima kinachobana

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nami naomba usiiruke.

Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, uziamuru zionyeshe pembeni mwa skrini: matumizi ya kadi kwa asilimia, joto la kadi na kasi yake, kumbukumbu ya kadi inayotumika, RAM inayotumika, matumizi ya kila uzi wa prosesa (njia moja ya kazi ndani yake), fremu kwa sekunde, na muda wa fremu. Ondoa kikomo chochote cha fremu na uzime ulinganishaji wa picha na monita (V-Sync), la sivyo vipimo vitakudanganya. Sasa cheza gemu yako nzito kwa nusu saa, katika sehemu inayoisumbua mashine: mji wenye watu wengi, vita, moshi. Dakika tano hazitoshi kwa sababu joto hupanda taratibu.

Sasa soma namba. Kadi ikikaa kati ya asilimia 95 na 99 muda wote, kadi ndiyo inayobana. Huo si ugonjwa, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Prosesa inaleta kazi na kadi inaifanya kwa nguvu zake zote. Ukitaka fremu zaidi, ama punguza ubora wa picha, ama tafuta kadi yenye nguvu zaidi.

Kadi ikicheza kwenye asilimia 50 au 60 huku fremu ziko chini, kadi inangoja, na mara nyingi anayengojwa ni prosesa. Hapa watu hudanganyika. Wanaangalia matumizi ya jumla ya prosesa, wanaona asilimia 40, wanasema prosesa imetulia. Fikiria prosesa yenye nyuzi nane: uzi mmoja ukijaa kabisa na nyingine zote zikilala, jumla inasomeka asilimia 12.5 tu. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mzito, na huo ukijaa, zingine haziwezi kuusaidia. Ndiyo maana nimesema uangalie kila uzi peke yake.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio hili. Shusha ukubwa wa picha hadi 720p, kisha rudi mahali palepale kwenye gemu. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki vilevile, prosesa au RAM ndiyo inayoshikilia mambo, na kadi mpya haitakusaidia hata ungeinunua ya bei ya juu kiasi gani.

Lipo tatizo la aina nyingine: wastani wa fremu ni mzuri, lakini gemu inashtukashtuka. Tazama muda wa fremu. Kwa fremu 60, kila moja inapaswa kuchukua milisekunde 16.7. Ukiona mstari umetulia kisha ghafla unaruka hadi 80 au 100, angalia vitu vitatu kwa wakati huohuo: je, RAM imejaa? Je, kumbukumbu ya kadi imejaa? Je, gemu imewekwa kwenye diski ya kuzunguka badala ya SSD (diski ya chipu, isiyozunguka)? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ndilo chanzo cha kwanza cha kushughulikia.

Mwisho, joto. Dalili yake haifichiki: dakika kumi za kwanza ni raha, baadaye kasi inazama na hairudi. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikikaribia digrii 100, na kadi nyingi za NVIDIA huanza kujibana kwenye digrii 83 hivi. Ukiona hivyo, acha kufikiria ununuzi na uende hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Maliza kwanza yale ya bure

Rafiki yangu aliniletea mashine akiwa tayari ameshaweka akiba ya kadi mpya. RAM yake ilikuwa vijiti viwili vya kasi ya 3200, lakini vyote viwili vilichomekwa kwenye njia moja ya data, na BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) ilikuwa ikiviendesha kwa 2133. Tuliviweka kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, tukawasha setingi ya XMP inayoipa RAM kasi iliyoandikiwa, tukapuliza vumbi. Ile gemu aliyokuwa akiilalamikia ikatulia. Akiba yake haikuguswa.

Kwa hiyo pitia mambo haya. Puliza vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea, ukizishika feni kwa kidole zisizunguke kwa nguvu ya upepo. Kama prosesa ina joto jingi na haijaguswa kwa miaka minne au zaidi, toa kipoza, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya dengu. Hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya michoro na si kwenye ubao mama. Ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani, na linaifanya kadi ikae bure. Kama monita yako ni ya hezi 144, ingia kwenye setingi za skrini uone kama kweli iko kwenye 144, kwa sababu Windows huweza kuiacha kwenye 60 bila kukuambia.

Ndani ya gemu, usishushe kila kitu kwa mkupuo. Anza na vivuli, miakisiko na ukungu, maana hivyo hula nguvu nyingi na hutavikosa sana. Ubora wa nyuso za vitu unategemea kumbukumbu ya kadi. Kama kumbukumbu haijajaa, kuushusha hakukupi karibu chochote. Gemu ikiwa na FSR (huchora picha ndogo kisha huikuza ili kuokoa nguvu), iwashe kwenye kiwango cha ubora wa juu. AMD waliitengeneza teknolojia hiyo ili ifanye kazi hata kwenye kadi nyingi za zamani, zikiwemo za NVIDIA, ingawa matoleo yake ya karibuni zaidi yanataka kadi mpya.

Rudia vipimo vya hatua ya 3. Wapo watakaoishia hapa, na watakuwa wameishia pazuri.

Hatua ya 5: Sasa nunua, kitu kimoja kwa wakati

*SSD.* Kama Windows au gemu bado zinakaa kwenye diski ya kuzunguka, anzia hapa. Diski hiyo husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA karibu 550, na SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, ya kizazi cha tatu hufika 3,500 hivi. Tofauti kubwa hasa iko kwenye kutafuta faili ndogondogo: diski inachukua milisekunde kadhaa kwa kila faili, SSD inachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Haitaongeza wastani wa fremu, usidanganywe. Itaondoa kushtuka kunakotokana na kusubiri data, na itafupisha kungoja. Kwa gemu, SATA inatosha kabisa kama bajeti imebana, na siku ukinunua mashine nyingine unaihamisha.

*RAM.* Gigabaiti 8 leo ni shida, 16 ni sawa kwa gemu nyingi. Lakini kumbuka vizazi vya RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani hata kidogo, kwa kuwa mkato wa kila kijiti uko mahali pake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda vibaya, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Hilo limebadilisha hesabu nzima: mwenye DDR4 ya kutosha ameshika mali, na kuitupa ili ahamie DDR5 kunagharimu kuliko zamani.

*Kadi ya michoro.* Inunue tu kama vipimo vimeonyesha kadi ndiyo inayobana. Kwa 1080p, usiende chini ya gigabaiti 8 za kumbukumbu. Angalia pia upana wa njia yake ya PCIe, ambayo data hupita kati ya kadi na ubao mama. RX 6500 XT ya mwaka 2022 ina gigabaiti 4 na inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye ubao mama mpya inajikongoja. Kwenye wa zamani wenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu waziwazi. RX 6600 yenye njia nane na gigabaiti 8 haiumii hivyo, na inatumia wati 132 tu, ndiyo maana naipenda kwa mashine za zamani. Kadi za Intel Arc zina thamani nzuri kwa bei yake, ila zinahitaji Resizable BAR (setingi inayoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi) iwashwe kwenye BIOS. Ubao usio na setingi hiyo usiuunganishe nazo.

Umeme nao una hesabu yake. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, na ya pini 8 wati 150. Kama pawasaplai yako ni ya jina usilolijua na ina miaka minane, ibadilishe kabla ya kadi. Pawasaplai mbovu ikifa inaweza kuua na vingine. Kwenye kifaa hiki sikushauri ubane matumizi.

*Prosesa.* Hapa soketi ya ubao mama, yaani tundu la kuweka prosesa, ndiyo inayoamua hatima yako. Aliye kwenye AM4 ya AMD ana bahati. Soketi hiyo ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mingi ya mibao yake, baada ya kusasishwa BIOS, inakubali hata Ryzen 5 5600 au 5700X3D. Kutoka Ryzen 5 1600 kwenda 5600 bila kubadilisha ubao wala RAM ni mruko mkubwa, na sijui njia nyingine ya kuboresha inayolipa kama hiyo. Sasisha BIOS ukiwa na prosesa ya zamani bado iko ndani, na usiguse umeme wakati inaendelea.

Kwa Intel, njia ni fupi. Soketi ya LGA 1151 ilibeba prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, kisha jina hilohilo likabeba cha 8 na cha 9, lakini mibao ya kundi la kwanza haikubali prosesa za kundi la pili ingawa zinaingia. LGA 1200 ni kizazi cha 10 na 11, na LGA 1700 ni cha 12 hadi 14. Tafuta prosesa yenye nguvu kuliko zote ambayo ubao wako umeandikiwa na kampuni yake, uitafute iliyotumika, kisha ulinganishe bei yake na hatua ifuatayo.

Hatua ya 6: Mstari wa kuacha

Weka vifaa kwenye makundi mawili. SSD, pawasaplai nzuri, kasha, monita na kadi ya michoro vinahama nawe kwenda mashine ijayo. Prosesa ya soketi iliyokufa na RAM ya DDR3 vinabaki hapohapo. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: kama pesa zitakazoingia kwenye vifaa visivyohama zinazidi theluthi ya bei ya kompyuta bora iliyotumika, naacha. Kinachohama nakinunua bila wasiwasi. Kisichohama nakinunua kikiwa cha bei ya chini sana, au sikinunui kabisa.

Mwenye DDR3 asipoteze pesa kwenye prosesa wala RAM. Anunue SSD, labda kadi atakayohama nayo, kisha aweke akiba ya ubao, prosesa na RAM kwa pamoja.

Suala la Windows nalo liingie kwenye hesabu. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8 na Ryzen za mfululizo wa 2000. Kabla ya kukata tamaa, ingia BIOS uitafute TPM hiyo kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Mara nyingi ipo, imezimwa tu. Ambaye prosesa yake ni ya zamani zaidi anaweza kuhamia Linux (mfumo endeshi wa bure), ambako Proton ya Valve inaendesha gemu nyingi za Windows. Gemu kadhaa za mashindano zinakataa kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu, kwa hiyo rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1 ujiulize kama gemu zako zimo.

Wenye GTX 900 na GTX 1000 wajue pia kwamba NVIDIA walifunga draiva mpya (programu za kuiendesha kadi) za gemu kwa kadi hizo mwezi Oktoba 2025, na zimebakiwa na masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi haitazimika. Ila gemu mpya ikisumbua, usingoje draiva ya kuirekebisha.

Hatua ya 7: Ukinunua vilivyotumika

Kwa bajeti ndogo, vilivyotumika ndiyo njia yenyewe. Omba kuona kadi ikifanya kazi. Iendeshe kwenye mzigo mzito dakika 15 hadi 20, ukitazama mistari au nukta za ajabu kwenye picha, feni zinazokwaruza, na joto linalopanda bila kutulia. Fungua GPU-Z na ulinganishe jina, kwa kuwa kadi za zamani zilizobadilishiwa BIOS ili zijiite kadi mpya zipo sokoni, na programu hiyo huzitambua nyingi. Kwa SSD, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake na kiasi kilichoandikwa. RAM iache usiku mzima kwenye MemTest86, programu ya kuipima, ndani ya siku ulizopewa za kurudisha. Kosa moja tu linatosha kuirudisha. Prosesa huharibika mara chache, kagua pini tu. Pawasaplai nunua mpya.

Kila ukiongeza kifaa, rudi sehemu ileile ya gemu ileile, upime tena, na uandike namba mpya kando ya zile za kwanza. Kadi ikiondoka kwenye asilimia 99 na kushuka 70, sasa prosesa ndiyo inayobana, na hapo una chaguo: kuipandisha, au kuongeza ubora wa picha bure kwa nguvu ya kadi iliyobaki. Kifaa ulichokitoa kisafishe na ukiuze wiki hiyohiyo, maana thamani yake inashuka kila mwezi kikikaa kabatini.